Bayi na Kipimo cha Dhahabu Mbili

Ubishi ulianza na Simbu. Ilikuwa jioni ya tarehe 15 Septemba 2025. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa saa zetu, Alphonce Simbu alikuwa ameshinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo ijulikane nani katangulia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Hapa Maji ya Chai, kwenye kijiwe cha kahawa kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, dereva mmoja wa bodaboda akatangaza kwamba mjadala umefungwa: Simbu ndiye mwanariadha mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka nchi hii. Mzee mmoja mwenye kikombe mkononi akauliza, bila kuinua sauti, "Na Bayi?"

"Bayi alishinda nini, mzee wangu?" kijana akauliza. Hakuwa na dharau. Alitaka kujua.

Mzee akajibu kama wanavyojibu wengi wa umri wake: angekwenda Montreal, angeshinda.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na neno "angeshinda" hunikosesha raha. Hakuna nyaraka za jambo ambalo halikutokea. Lakini swali la kijana lilinikaa kichwani kwa majuma, kwa sababu lina namna yake rasmi. Mwaka 2012 shirikisho la riadha la dunia, lililoitwa IAAF wakati huo, liliadhimisha miaka 100 tangu kuundwa kwake kwa kuanzisha Ukumbi wa Umaarufu. Masharti ya kuingia yalikuwa machache. Mwanariadha awe amestaafu angalau miaka 10. Awe na angalau dhahabu mbili za Olimpiki au za Mashindano ya Dunia. Awe amevunja rekodi ya dunia angalau mara moja. Zaidi ya hapo, awe ameacha alama isiyo ya kawaida katika mchezo.

Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alistaafu zamani. Rekodi za dunia anazo mbili. Dhahabu za Olimpiki hana hata moja, na Mashindano ya Dunia ya riadha yalianza mwaka 1983 mjini Helsinki, wakati miaka yake bora ilikwisha kupita. Kwa hiyo kwa kipimo hicho jibu la swali la kijana ni rahisi, na ni baya.

Wamarekani wana ubishi wa namna hii kila mwaka kuhusu mpira wao wa miguu ambao huchezwa zaidi kwa mikono. Eli Manning, kwotabeki wa New York Giants, yaani yule anayepokea mpira na kuamua shambulizi liende wapi, alishinda Super Bowl mbili. Lakini katika michezo ya kawaida ya ligi alishinda mara 117 na kushindwa mara 117. Mwaka 2025 jina lake lilifika hatua ya mwisho ya uteuzi wa ukumbi wao na hakuchaguliwa. Yeye ana makombe, ila hesabu ya jumla inamwangusha. Bayi ni kinyume chake: ana mbio zilizobadilisha namna watu walivyofikiri kuhusu mita 1500, na kabati la Olimpiki lenye medali moja ya fedha. Wote wawili wanauliza kitu kimoja. Maisha ya mchezo yenye mabonde na vilima yapimwe kwa kilele chake, au kwa wastani wake, au kwa idadi ya vikombe?

Niseme mapema kwamba nadhani Bayi anastahili. Ila sikubaliani na sababu ya yule mzee, na nitaeleza kwa nini inamdhuru Bayi kuliko inavyomsaidia.

Tuanze na mbio alizokimbia. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi ana miaka 20. Miaka miwili nyuma, kwenye Olimpiki ya Munich, alikuwa ametolewa katika raundi ya kwanza ya mita 1500 na pia ya mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Januari 1973 alikuwa amemshinda Kipchoge Keino mwenyewe kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, na baadaye mwaka huo akazunguka Ulaya akikimbia kwa mtindo ambao waandishi wa michezo waliuona kama wazimu: anatoka kwa kasi kali mwanzoni, anawaacha wote, halafu wanasubiri achoke. Mara nyingine alichoka kweli.

Msomaji ambaye hajawahi kukimbia mita 1500 huenda asione ukubwa wa jambo hili. Katika mbio za kati, anayetangulia ndiye anayelipa. Anakata upepo, anaweka mwendo, anabeba wasiwasi wa kutojua nani yuko nyuma yake na amebakiza nini. Wengine wanajibanza kwenye mgongo wake na kuhifadhi nguvu kwa mita 200 za mwisho. Ndiyo maana fainali nyingi za ubingwa huenda polepole kama maandamano ya harusi, kisha zinalipuka mwishoni. Mkimbiaji mwenye akili husubiri. Hivyo ndivyo ilivyofundishwa, na hivyo ndivyo inavyofundishwa mpaka leo.

Bayi hakusubiri. Mita 400 za kwanza alipita kwa sekunde 54.9. Mita 800 alipita kwa dakika 1 na sekunde 52.2, akiwa peke yake mbele kwa mita zipatazo 20. Katika mzunguko wa tatu kundi lilianza kumsogelea, na kila aliyekuwa uwanjani alidhani anajua kinachofuata. Mwenyeji, John Walker, akaja kwa nguvu katika mita za mwisho. Hapo Bayi akaongeza mwendo. Walker hakumpita. Saa ilisema 3:32.16, rekodi ya dunia, na Bayi akawa Mwafrika wa kwanza kuishika rekodi ya mita 1500. Walker wa pili alikimbia 3:32.52, naye pia alikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyokuwa imedumu tangu 1967. Ben Jipcho wa Kenya, aliyekwisha kushinda dhahabu mbili kwenye michezo hiyohiyo, alikuwa wa tatu kwa 3:33.16.

Kuna vijana wanaofanya mazoezi asubuhi kwenye barabara inayopanda kuelekea Ngurdoto, juu ya mto wenye rangi ya chai ulioipa sehemu hii jina lake. Niliwaonyesha wawili kati yao picha za video za mbio zile kwenye simu. Walitazama kimya mpaka mwisho. Mmoja akauliza, "Nani alikuwa anamvuta?" Aliuliza kwa sababu siku hizi rekodi za mbio ndefu na za kati zina watu wa kulipwa wanaotangulia na kuweka mwendo, na kwenye viwanja vikubwa kuna taa zinazokimbia kando ya njia zikimwonyesha mkimbiaji kama yuko mbele au nyuma ya rekodi. Nikamwambia hakuna. Akataka kuiona tena.

Rekodi ile ya dunia ilidumu mpaka Agosti 1979, Sebastian Coe alipoivunja mjini Zürich kwa tofauti ndogo, 3:32.03. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu zaidi: hakuna aliyeigusa mpaka Agosti 2022 mjini Birmingham, Mwaustralia Oliver Hoare alipokimbia 3:30.12. Miaka 48. Katika miaka hiyo walipita kwenye michezo ile Waingereza, Wakenya na Waaustralia wenye viatu bora, njia bora na lishe bora. Uwanja wenyewe wa Christchurch haupo tena. Tetemeko la Februari 2011 liliuharibu ukabomolewa. Muda wa Bayi ulidumu kuliko jengo.

Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, aliongeza rekodi ya maili, 3:51.0, sehemu ya kumi moja tu chini ya ile ya Ryun. Hiyo haikukaa. Agosti mwaka huohuo Walker alikimbia 3:49.4 mjini Göteborg na kuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Dunia nzima ya riadha ikaanza kuhesabu siku kuelekea Montreal 1976. Bayi na Walker, mara ya pili.

Haikutokea. Mwezi Juni polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi wanafunzi Soweto, na majuma machache baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikuwa Afrika Kusini ikicheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kujitoa, na zaidi ya nchi 20, karibu zote za Afrika, zikabaki nyumbani. Walker alishinda mita 1500 kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch, katika mbio ambazo mzunguko wa kwanza ulichukua zaidi ya sekunde 62.

Sekunde hizo saba ndizo wazee wanazozishika. Nami nazielewa. Lakini zitazame vizuri. Walker alishinda kwa 3:39 kwa sababu mbio zilikuwa za kuviziana. Hazituambii angekimbia muda gani kama angesukumwa. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameonyesha kwamba yeye ndiye mwenye maili ya kasi zaidi duniani. Na Bayi alikuwa ameugua malaria kabla ya michezo ile. Ukiniuliza kama mwanafunzi wa historia nani angeshinda Montreal, nitakwambia sijui, na yeyote anayesema anajua anauza kitu. Huwezi kumwingiza mtu kwenye ukumbi kwa mlango wa "angekuwa". Ukiufungua mlango huo, kila mtu ana "ingekuwa" yake.

Tena kuna upande wa pili wa hesabu, ambao mashabiki wa Bayi hawapendi kuutaja. Mwaka 1980 Marekani ilisusia Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Afghanistan na ikataka wengine wafuate. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika kuomba uungwaji mkono, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Nyerere alikataa kuonana naye. Waandishi wa habari walimuuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia Montreal, na ilionekana wazi kwamba hakuna aliyemweleza habari hizo kabla hajapanda ndege. (Nawaonea huruma wote waliokuwa chumbani mle, Ali kwanza.) Tanzania ilikwenda Moscow. Kenya haikwenda.

Sasa, mbio za kuruka viunzi na maji bila Wakenya ni kitu gani? Henry Rono, aliyekuwa na rekodi ya dunia tangu 1978, hakuwepo. Bayi aliacha mita 1500 akaingia katika mbio hizo, akakimbia kwa mtindo wake uleule, akaenda mbele sana, na mtu pekee aliyeweza kumfikia alikuwa Bronisław Malinowski wa Poland, aliyempita katika mzunguko wa mwisho. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hizo fedha mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata, kuanzia uhuru mpaka Paris 2024.

Kwa hiyo kususia kulimnyang'anya Bayi Montreal, na kususia kwingine kulimpunguzia washindani Moscow. Anayetaka kudai fidia ya 1976 lazima akubali kukatwa kodi ya 1980. Sidhani mzee wa kijiweni angeupenda mpango huo. Tukiongeza kwamba mwaka 1978 mjini Edmonton, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, David Moorcroft wa Uingereza alimshinda kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, picha inakuwa ya mtu aliyekuwa juu kabisa kwa miaka kama mitatu, kisha akawa mzuri tu. Mabonde yapo. Tusiyafunike.

Shida yangu kubwa ni kipimo chenyewe. Dhahabu mbili zinaonekana kama namba isiyo na upande, lakini namba hiyo inahesabu michezo ambayo sehemu kubwa ya bara letu haikuwepo. Mtazame John Akii-Bua wa Uganda. Munich 1972 alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa 47.82, rekodi ya dunia, akikimbia njia ya ndani kabisa. Ana dhahabu moja na rekodi moja. Ya pili angeitafuta Montreal, ambako Edwin Moses alishinda na kuvunja rekodi yake, huku Uganda ikiwa nyumbani. Moscow alitolewa nusu fainali. Kwa kipimo cha dhahabu mbili Akii-Bua amebaki nje, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuandika historia ya mbio za viunzi bila yeye. Wala si Waafrika peke yao. Ron Clarke wa Australia alivunja rekodi za dunia zaidi ya 15 katika miaka ya 60 na akaondoka Olimpiki na shaba moja. Kipimo hiki kinawajua vizuri washindi wa siku moja iliyopangwa. Kinawajua vibaya watu waliosogeza ukuta.

Na kazi ya ukumbi wa kumbukumbu, nionavyo mimi, ni kuwakumbuka waliosogeza ukuta. Orodha ya washindi wa dhahabu tunayo tayari, haihitaji jengo. Coe yumo kwenye ukumbi ule, na anastahili. Lakini rekodi aliyoivunja Zürich ilikuwa imewekwa na kijana wa miaka 20 aliyeamua kwamba fainali ya ubingwa inaweza kukimbiwa tangu risasi ya kwanza, bila mtu wa kumvuta, na aliyemfuata akavunja rekodi ya zamani akiwa wa pili. Hilo lilitokea. Lina saa, lina tarehe, lina video. Halihitaji "ange" hata moja.

Hapa nyumbani heshima yetu ya michezo ina utaratibu wa ajabu kidogo. Eldoret kuna Uwanja wa Kipchoge Keino, Addis Ababa kuna Uwanja wa Abebe Bikila. Sisi viwanja vyetu vikubwa vina majina ya viongozi: Mkapa, Mwinyi, Sokoine. Hapa Arusha kuna Sheikh Amri Abeid, ambaye angalau alikuwa pia mshairi mahiri. Na mwanariadha wetu anayejulikana zaidi ughaibuni ni John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Mexico 1968 akiwa amejeruhiwa goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ninamheshimu mno. Ila wageni wanaosimulia kisa chake kwenye semina zao za uvumilivu hawajui kwamba mwaka 1970 mjini Edinburgh alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2 na dakika 15. Wamempenda akiwa anachechemea. Naogopa tunaelekea kumfanyia Bayi jambo la namna hiyo, kumfanya mtu wa kuonewa huruma, yule aliyenyimwa Montreal, wakati tunacho cha kumshangilia.

Nilimwambia hivyo yule mzee siku nyingine, baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Alisikiliza. Kisha akasema jambo ambalo sina jibu lake kamili: "Sasa wale waliobaki, nani atawalipa?" Alimaanisha wote wa 1976. Serikali iliamua, na mimi naamini iliamua sawa. Ubaguzi wa Afrika Kusini haukuanguka kwa maneno matupu, na kutengwa kimichezo ni moja ya mambo yaliyoubana. Lakini walioutoa mwili wao kwa uamuzi huo walikuwa wachache, vijana, na hawakuulizwa. Mkimbiaji wa mita 1500 ana Olimpiki moja, pengine mbili, za umri wake bora.

Ndiyo maana nadhani vibao viwe viwili. Kimoja kiwe cha Bayi peke yake, na kiandikwe Christchurch, tarehe, 3:32.16, na kwamba aliongoza tangu mwanzo. Montreal isitajwe humo. Kingine kiwe cha Montreal, na kiwe na majina ya wote waliokuwa wamejiandaa kwenda, mabondia na wakimbiaji, wale tunaowajua na wale ambao hatukuwahi kuwaona wakishindana tena. Kwenye hicho cha pili Bayi awemo pia, kwa mpangilio wa alfabeti, kwa herufi za ukubwa uleule kama wengine.